Upande wa Bhoke

Sanduku lilikuwa jepesi kuliko Terry alivyotarajia, na wepesi wenyewe ukamtia shaka. Kitu cha kutoa sauti, kwa akili yake, hakikosi uzito. Lakini Mubarak, mwenye duka la vifaa vya umeme pale Migori, aliliinua kwa mkono mmoja, akalitua juu ya kaunta na kuanza kulisifia kana kwamba amelizaa yeye: hoofa moja ya kutoa besi, spika ndogo nne, waya zote zimo humo humo. Spika mbili unaweka mbele na mbili nyuma ya kiti, na ukifungulia filamu utadhani mvua inanyesha sebuleni.

"Kuna yenye nguvu kushinda hii?" Terry aliuliza.

"Iko, dada, lakini hiyo ni ya harusi. Wewe unataka ya kuskiza nini?"

"Baba anataka kumskiza mama."

Mubarak alicheka kidogo. "Kwani mama ni msanii?"

"Alikuwa anaimba kwaya. Tulimzika mwaka jana."

Kicheko kilimkauka Mubarak mdomoni. Alisema pole, akalifunga sanduku kwa kamba ya ziada ambayo halikuihitaji, kisha akamweleza mambo taratibu. Spika zilizoandikwa R ni za kulia, zilizoandikwa L ni za kushoto. Kutoka kwenye runinga, kile kichwa chekundu cha waya kinaingia tundu jekundu la hoofa, na cheupe kinaingia tundu jeupe. "Hata mtoto anaunganisha," alimalizia. Kauli hiyo ya wenye maduka imeshaharibu mengi duniani, lakini Terry aliiamini.

Baba yake, Zadock Obare, aliishi peke yake nje kidogo ya Ndhiwa, katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Alikuwa mwashi, na nyumba za matofali zilizopanga foleni kando ya barabara ya kwenda Homa Bay, nyingi zilipitia kwenye mwiko wake. Mkewe Bhoke alikuwa Mkuria wa upande wa Isebania. Walipooana, Bhoke hakujua Kijaluo wala Zadock hakujua Kikuria, basi wakashika Kiswahili cha sokoni, wakapendania humo, wakagombania humo, wakamlelea binti yao wa pekee humo. Majirani waliwatania kwamba nyumba ile ni ofisi ya chifu, hata kuku wanafukuzwa kwa lugha ya serikali. Bhoke alikuja kukielewa Kijaluo baadaye, lakini ya nyumbani ilibaki ile ile. Alipofariki, Zadock alibaki na lugha ambayo pale bomani hapakuwa na mwingine wa kuizungumza naye. Akanyamaza. Ugali akawa anaumega nusu na kuufunika, na Terry akipiga simu anajibiwa kwa maneno mawili.

Kitu kimoja tu ndicho kilichobaki na sauti ya Bhoke ndani yake. Ilikuwa video ya kwaya ya kanisa lao, iliyorekodiwa Homa Bay na kijana mmoja mwenye kamera na maikrofoni mbili. Maikrofoni moja aliisimamisha mbele ya akina mama, nyingine mbele ya wanaume, na kila moja akaipeleka kwenye waya wake, ya akina mama kushoto na ya wanaume kulia, akaacha hivyo hivyo, kwa kuwa hakujua kuzichanganya au aliona uvivu. Katika wimbo wa mwisho Bhoke aliongoza peke yake. Aliuliza, "Nani anabisha?" na wanaume, Zadock akiwa katikati yao na besi yake, wakaitikia, "Ni sisi wa mbali, tufungulie." Aliuliza tena, wakaitikia tena, mpaka mwisho wa wimbo. Terry aliitia video hiyo kwenye flashi akampelekea baba yake, lakini sauti ya runinga ilikuwa nyembamba, na mzee alilalamika kwamba anaona mdomo wa Bhoke ukifunguka na hasikii neno. Ndiyo sababu ya safari ya kwa Mubarak.

Siku alipolipeleka sanduku hakukaa, maana mashine zake za kushonea sare za shule zilikuwa zikimngoja Migori. Alimwachia mzee aliunganishe mwenyewe. Jioni Zadock alipiga simu akiwa amepiga magoti nyuma ya hoofa.

"Nyara," alimwita, yaani binti yangu kwa Kijaluo, "hii R ni nini?"

"R ni kulia, Baba. L ni kushoto."

"Kulia ya nani?"

Terry alikuwa na mteja mbele yake na pini mdomoni. "Kulia ni kulia tu, Baba."

Kwa mwashi wa Ndhiwa, kulia si kulia tu. Kwao nyumba ndiyo yenye kulia na kushoto, na huhesabiwa ukiwa umesimama mlangoni unatazama nje, kuelekea langoni. Mume huzikwa kulia kwa nyumba, mke kushoto. Zadock hakuwahi kujenga wala kuzika kwa hesabu nyingine. Basi aliitazama runinga iliyoegemea ukuta, akauona uso wake ndio mlango, naye aliyekaa kitini ndiye yuko langoni. Spika za R akaziweka kulia kwa runinga jinsi inavyotazama nje, na za L kushoto kwake. Kwa mtu aliyeketi kwenye kile kiti cha mzee, mambo yote yalikuwa yamegeuka: L ilikuwa mkono wake wa kulia, na spika moja ya L ilining'inia ukutani karibu kabisa na sikio lake la kulia.

Alipiga simu tena baadaye kidogo, na Terry alidhani kuna msiba mwingine kwa jinsi alivyokuwa akihema.

"Ameimba," alisema Zadock. "Bhoke ameimba hapa karibu na mimi. Ameniuliza nani anabisha."

"Sauti iko sawa, Baba?"

"Iko sawa. Na amekaa upande yake, nyara. Kushoto, upande ya bibi. Hii mashine iko na heshima."

Terry aliitua simu akalia mbele ya mteja bila haya. Tangu mazishi hakuwa amemsikia baba yake akisema sentensi nne mfululizo. Kuanzia hapo mzee akarudi kuwa mtu. Kila siku kabla ya chakula aliwasha wimbo ule, Bhoke akauliza, naye akaitikia na wenzake kutoka kitini. Jerusha, jirani aliyekuwa akiimba na Bhoke, alimwambia Terry kwa simu kwamba sasa sufuria anayompelekea mzee inarudi tupu, na kwamba amemsikia akimsimulia Bhoke bei ya saruji.

Mwezi wa Agosti Terry alikwenda kumtembelea, na alikwenda na mikono ya kutengeneza mambo. Watoto wa mjini wanaporudi nyumbani huwa na ugonjwa huo, hawawezi kukaa bila kurekebisha kitu. Alianza na jiko la mama yake. Lilikuwa kibanda cha udongo ambacho Bhoke alikikandika mwenyewe na kukisiriba kwa samadi kila Ijumaa, na mvua ndefu zilikuwa zimekibomoa upande mmoja. Terry alikuwa amemletea baba yake jiko la gesi.

"Hii ibomolewe tu, Baba. Hakuna mtu anapika hapo. Itaangukia mbuzi."

Zadock alisimama kwenye kizingiti cha kibanda kile akayakazia macho mafiga. "Ni ya mama yako."

"Mama hayuko, Baba."

Mzee hakuwa mtu wa kubishana na binti yake, hasa binti aliyemletea sauti ya mkewe. "Basi sawa," alisema, na kwa mkono wake mwenyewe akaangusha nguzo ya kwanza. Mpaka saa ya chai mahali pale palikuwa peupe, na mabati yamekwenda kwenye banda la mbuzi.

Zadock alipotoka kuwafunga mbuzi, Terry aliketi kwenye kiti chake akafungulia filamu ya kufukuzana kwa magari. Gari likatoka kushoto mwa kioo likakimbilia kulia, lakini mngurumo wake ukaanzia kulia ukaishia kushoto. Alirudisha nyuma akatazama tena. Aliinuka akasoma herufi kwenye spika, akaelewa mara moja baba yake amepanga vyombo kama anayepanga boma, na akacheka peke yake. Kuhamisha spika nne ni kazi, misumari na waya. Njia fupi ilikuwa nyuma ya hoofa: alichomoa kichwa chekundu na kile cheupe, akavibadilisha matundu. Gari likaanza kupita ilivyopasa. Hakumwambia mzee. Lilikuwa jambo dogo, na hakutaka aonekane anamsahihisha mtu mzima mara mbili kwa siku moja.

Kesho yake akarudi Migori akiwa ameridhika na nafsi yake.

Simu za mzee zilifupika tena. Terry aliuliza kama anakula, akajibiwa ndiyo. Aliuliza kama bado anamsikiliza mama.

"Tunaitikia tu," alisema Zadock. "Niko na kazi, nyara. Tutaongea."

Terry hakulielewa lile neno la kuitikia tu, na hakulifuatilia. Mwenye cherehani hufanya kazi ya Januari katika mwezi wa Novemba, na sare zilikuwa zimemlemea. Jerusha ndiye aliyempigia, kwa sauti ya mtu anayesita kuchongea.

"Baba yako anajenga."

"Anajenga nini?"

"Jiko. Pale pale pa Bhoke. Nimemwambia angoje mvua ipungue, ananifukuza. Anakanyaga udongo na miguu yake mwenyewe, Terry, na unajua umri yake."

Terry alimpigia baba yake simu, haikushikwa. Alijiambia atakwenda wikendi, na wikendi ilipofika palikuwa na oda ya shule nzima. Simu ya pili ya Jerusha ndiyo iliyomtoa mbio. Mzee alikuwa amepigwa na mvua siku kadhaa mfululizo, akashikwa na homa kali iliyompanda kichwani, na majirani walikuwa wamemkimbiza hospitalini Homa Bay.

Homa ilishuka, lakini ilipoondoka iliondoka na kitu. Daktari alimweleza Terry kwenye korido, kwa upole, kwamba masikio ya mzee hayasikii tena. La kushoto, alisema, inaonekana lilikufa miaka mingi iliyopita. La kulia ndilo limemalizwa na ugonjwa huu, na asimpe mzee matumaini ya kulirudisha.

"La kushoto?" Terry aliuliza. "Baba hajawahi kuwa na shida ya sikio."

Daktari alimwandikia tarehe ya kumrudisha mzee kliniki.

Alimrudisha nyumbani Ndhiwa. Jiko jipya lilisimama pale pale lilipokuwa la zamani, udongo wake bado mbichi, mabati yamerudishwa kutoka kwa mbuzi, na mafiga matatu yamepangwa katikati bila jivu. Kwa mwashi aliyejenga nusu ya barabara ya Homa Bay, ilikuwa kazi mbaya, kuta zimepinda. Terry alilitazama jiko akajua mzee alilijenga homa ikiwa tayari imemshika. Aliashiria kwa vidole vyake: kwa nini?

Zadock aliketi kitini mwake. Alizungumza kwa sauti kubwa kupita kiasi, sauti ya mtu asiyejisikia.

"Mama yako alikasirika," alisema. "Siku ile tulibomoa jiko, jioni ukiwa kwa Jerusha nikawasha wimbo. Tukaitikia wanaume peke yetu. Bhoke hakuuliza. Naona mdomo inafunguka, lakini ananinyima sauti. Nikawasha kesho, hakuna. Kila siku sisi tunasema tufungulie, tufungulie, na hakuna mtu ametuuliza kitu. Nikajua ni hiyo jiko. Mwanamke unambomolea jiko na yeye yuko hapo nje tu anaona?"

Terry alikuwa amesimama nyuma ya kiti.

"Hii ya kushoto ilikufa zamani," Zadock aliendelea, akigusa sikio. "Ile baruti ya kuvunja mawe, kule Lambwe. Nilificha. Wangejua kwaya, wangeniondoa besi. Hata Bhoke hakujua, nilikuwa nalala na hii ya kulia juu. Hii ya kulia ndiyo ilikuwa inanibeba. Sasa nayo imeenda kabla mama yako hajasamehe."

Terry aliitazama ile spika ndogo ya L ukutani, kando ya sikio la kulia la baba yake. Aliitazama runinga. Akakumbuka kichwa chekundu na kile cheupe. Bhoke hakuwa amenyamaza hata siku moja. Alikuwa ameuliza kila jioni, tangu ile Agosti, Septemba, Oktoba, lakini binti yake alikuwa amemhamishia upande wa sikio lililokufa, na karibu na sikio zima akawaweka wanaume waimbe mpaka wamfunike. Alifanya hivyo ili gari la filamu lipite vizuri. Kisha mzee akatoka kwenda kukanyaga udongo kwenye mvua.

Alipiga magoti nyuma ya hoofa. Alirudisha chekundu na cheupe kama baba yake alivyokuwa amevichomeka, akachomeka flashi, akawasha. Sauti ya mama yake ikatoka ukutani, nzito, ya karibu, ikajaa nyumba nzima. "Nani anabisha?" Terry alijifunika mdomo. Zadock alikuwa akimtazama yeye, si runinga.

"Umewasha?" aliuliza.

Terry alitikisa kichwa kukubali. Aliinuka kutafuta kalamu. Angemwandikia kila kitu, herufi kubwa, nyuma ya kalenda: ni mimi, ni waya, mama hakukasirika. Kalamu aliipata juu ya kabati, na kalenda pia, akaandika neno la kwanza, "Baba". Hapo akaiweka kalamu chini. Akiandika hivyo mzee atajua jiko lile alilijenga bure. Atajua kwamba sikio lake la mwisho alilitoa kwa kosa la binti yake. Tena atajua kwamba miezi yote ile Bhoke alikuwa akimwita, na hakuna jioni hata moja itakayorudi amwitikie. Ukweli huo ungempunguzia Terry mzigo, na mzigo wote angeubeba mzee. Alijichukia kwa kusita, na angejichukia zaidi kwa kuandika. Akaikunja kalenda.

"Anaimba?" Zadock aliuliza. "Amerudi?"

Terry alitikisa kichwa: ndiyo.

"Ni hiyo jiko," mzee alisema, akashusha pumzi. "Nilijua tu. Upande gani?"

Terry alinyoosha mkono kuelekea ukuta ulio kulia kwa baba yake, kushoto kwa runinga. Zadock alikigeuzia kichwa kile kisanduku kidogo cheusi, akakipa sikio lake na kungoja, kwa adabu, kama anayengoja mtu amalize sentensi. Hakuna kilichokuja. Usoni mwake Terry hakuona hasira. Aliona mtu anayekubali kwamba amechelewa, na hilo lilimuuma kuliko kupigwa.

"Niambie akiuliza," alisema mzee. "Inua mkono, niingie."

Wimbo ulipofika mwisho wa swali, Terry aliinua mkono. Zadock aliitikia, "Ni sisi wa mbali, tufungulie," kwa besi iliyopasuka, iliyokwenda peke yake nje ya ufunguo wa wimbo, ikagongana na besi yake ya zamani iliyokuwa ikitoka kwenye spika. Terry alishusha mkono, akangoja, akauinua tena. Jerusha, aliyekuwa akija na chai, alisimama mlangoni akashindwa kuingia.

Kisha video ikaisha. Kioo kikawa cha buluu, na spika zote nne zikanyamaza. Zadock, macho yakiwa kwenye mkono wa binti yake, alikuwa bado anangoja aulizwe. Terry akauinua mkono.